Mbigili: Utafiti Umegundua Nini Kuhusu Mmea Huu Unaotambaa

Mbigili ni mmea unaojulikana na kila mfugaji wa maeneo kame na nusu kame. Hutambaa ardhini kando ya njia, kwenye viwanja vya shule, karibu na maboma ya mifugo na katika mashamba yaliyolala bila kulimwa. Miiba yake hutoboa nyayo za watoto, hukwama katika kwato za mbuzi na kutoboa magurudumu ya baiskeli. Kwa wengi ni magugu tu.

Kwa upande mwingine, mmea huohuo husagwa ukauzwa kama unga, vidonge na dawa ya maji. Wauzaji husema unaongeza nguvu za kiume, unajenga misuli, unasafisha figo na kushusha sukari. Makala haya yanaeleza yale ambayo utafiti wa kisayansi umegundua kuhusu madai hayo, madhara yaliyoandikwa na madaktari, na hatari ya mmea huu kwa kondoo na mbuzi. Lengo ni kumsaidia mkazi kufanya uamuzi akiwa na habari kamili kabla ya kutumia pesa zake au kuhatarisha afya yake.

Kuutambua mmea wenyewe

Jina la kisayansi la mbigili ni Tribulus terrestris. Lilitolewa mwaka 1753 na Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi. Neno la kwanza linatokana na jina la vyuma vyenye ncha ambavyo majeshi ya kale yalivimwaga njiani ili kuwajeruhi farasi wa adui. Neno la pili lina maana ya kitu cha ardhini.

Jina la kisayansi lina umuhimu wake. Katika Kiswahili, neno mbigili hutumiwa kwa mimea zaidi ya mmoja yenye miiba, na kila jamii ina jina lake kwa lugha ya mama. Watu wawili wanaweza kutaja mbigili, kila mmoja akiwa na mmea tofauti akilini. Katika dawa, kosa la namna hiyo linaweza kumfanya mgonjwa anywe kitu kisichojulikana.

Tribulus terrestris una alama zifuatazo:

- Shina zake hutoka katika mzizi mmoja ulio katikati na kutambaa pande zote kama miali ya gurudumu. Shina moja linaweza kufika urefu wa mita moja au zaidi.
- Jani moja lina vijani vidogo vilivyopangwa viwiliwili, vyenye vinyweleo.
- Maua ni madogo, ya manjano, na kila ua lina petali tano.
- Tunda ni gumu. Likikauka hugawanyika vipande vitano, kila kipande kikiwa na miiba mikali na mbegu kadhaa ndani yake.

Katika maeneo ya pwani huonekana pia ndugu yake, Tribulus cistoides, mwenye maua makubwa zaidi. Utafiti unaoelezwa hapa ulifanywa kwa Tribulus terrestris.

Matumizi ya jadi

Mbigili hauna kwao pamoja. Unaota Afrika, Asia na kusini mwa Ulaya, nao umesambaa hadi Amerika na Australia. Kwa sababu hiyo, watu wa nchi nyingi wameutumia kwa karne nyingi. Katika tiba ya jadi ya India, inayoitwa Ayurveda, matunda yake hujulikana kama gokshura, na hutolewa kwa matatizo ya mkojo na vijiwe vya figo. Katika tiba ya jadi ya China matunda hayo hutolewa kwa maumivu ya kichwa na matatizo ya macho.

Matumizi ya jadi ni ushahidi kwamba watu wameona jambo fulani na kulipitisha kwa watoto wao. Watafiti huanzia hapo mara nyingi. Lakini matumizi hayo peke yake hayathibitishi kwamba dawa inafanya kazi, wala kwamba ni salama kwa kila mtu. Tena dai linalouza sana leo, la nguvu za kiume na misuli, halikuenea duniani kupitia wazee wa vijijini. Lilitoka kiwandani.

Dai la nguvu za kiume lilivyoenea

Mwaka 1981 nchi ya Bulgaria ilianza kuuza vidonge vilivyoitwa Tribestan, vilivyotengenezwa kwa mbigili unaoota nchini humo. Kemikali iliyotiliwa mkazo ni protodioscini, mojawapo ya kundi la kemikali za mimea linaloitwa saponini. Ilidaiwa kwamba huufanya mwili utengeneze testosteroni zaidi. Testosteroni ni homoni inayohusika na sauti nzito, ndevu, misuli na hamu ya tendo la ndoa kwa wanaume.

Katika miaka ya 1990 dai hilo lilifika kwa wanamichezo na wanyanyua vyuma wa Marekani na Ulaya, na makopo ya mbigili yakajaa madukani. Baadaye watafiti nchini Singapore waliwapa panya na sungura dawa iliyokamuliwa kutoka mmea huu. Baadhi ya majaribio yao yalionyesha mabadiliko. Panya waliohasiwa, kwa mfano, waliongeza mwenendo wa kupanda majike.

Majaribio kwa wanyama ni hatua muhimu, lakini dawa nyingi zinazofanya kazi kwa panya hazifanyi kazi kwa binadamu. Lazima zijaribiwe kwa watu.

Jaribio la dawa hufanywaje?

Mtu aliyekunywa dawa na kupata nafuu anaweza kuwa amepona kwa sababu nyingine. Pengine ugonjwa ulikuwa ukiisha wenyewe. Pengine alianza pia kula vizuri na kulala mapema. Pengine imani yake kwamba amepata dawa ndiyo iliyompa nafuu. Jambo hili la mwisho huonekana sana katika matatizo ya tendo la ndoa, kwa sababu wasiwasi peke yake unaweza kuyaleta, na kuondoka kwa wasiwasi kukayaondoa.

Ili kutenganisha sababu hizo, watafiti hugawa watu makundi mawili kwa njia ya bahati nasibu. Kundi moja hupewa dawa yenyewe. La pili hupewa kidonge kinachofanana nayo kwa rangi na umbo lakini hakina dawa ndani. Katika majaribio bora, mgonjwa hajui amepewa kipi, wala daktari anayempima hajui. Mwishoni makundi hulinganishwa. Dawa huhesabiwa kuwa imefanya kazi ikiwa waliopewa dawa wamepata nafuu zaidi ya wale waliopewa kidonge kitupu.

Matokeo ya majaribio kwa binadamu

Mwaka 2005 watafiti wa Bulgaria, nchi ile ile iliyoanzisha dai hili, walichapisha jaribio lililohusu vijana wanaume 21 wenye afya, wa umri wa miaka 20 hadi 36. Makundi mawili yalipewa mbigili kwa vipimo vya miligramu 10 na 20 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kundi la tatu lilikuwa la kulinganishia. Baada ya wiki nne, damu ilipopimwa, testosteroni haikuwa imepanda katika kundi lolote.

Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya wachezaji 22 wa raga ya ligi nchini Australia. Kwa wiki tano za mazoezi makali, baadhi yao walikunywa miligramu 450 za mbigili kila siku na wengine kidonge kitupu. Makundi yote mawili yaliongeza nguvu na misuli, na hapakuwa na tofauti kati yao. Kilichowajenga ni mazoezi.

Kuhusu wanaume wenye tatizo la kusimamisha, majibu yametofautiana. Mwaka 2014 watafiti wa Brazil walichapisha jaribio la wanaume 30 waliotumia miligramu 800 kwa siku kwa muda wa siku 30. Waliopewa mbigili hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu, na testosteroni haikubadilika. Mwaka 2017 likachapishwa jaribio kubwa zaidi kutoka Bulgaria, lililohusu wanaume 180 wenye tatizo la kiwango kidogo au cha wastani, waliotumia Tribestan kwa wiki 12. Katika jaribio hili, waliopewa dawa walijibu katika dodoso kwamba hali yao imeimarika kuliko kundi la kulinganishia.

Mkazi ajifunze nini hapo? Kwanza, dai kwamba mbigili unapandisha testosteroni ya kijana mwenye afya halijathibitishwa, na majaribio yaliyofanywa kulichunguza hayakuliunga mkono. Pili, uwezekano wa kuwasaidia wanaume wenye tatizo dogo bado unachunguzwa, na jaribio moja zuri halitoshi kufunga mjadala. Tatu, jaribio lile la 2017 lilihusu vidonge vya kiwanda vyenye kipimo kinachojulikana. Halithibitishi lolote kuhusu unga usio na lebo unaouzwa kwa kijiko siku ya soko.

Sukari mwilini

Eneo jingine lililochunguzwa ni kisukari. Mwaka 2016 watafiti wa Iran walichapisha jaribio la wanawake 98 wenye kisukari cha aina ya pili. Waliotumia miligramu 1,000 za mbigili kwa siku kwa miezi mitatu walishuka sukari kuliko waliopewa kidonge kitupu.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yana onyo pia. Mgonjwa anayetumia dawa za kisukari za hospitali, kisha akaongeza mbigili bila kumwambia daktari, anaweza kushuka sukari kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa, na mtu anaweza hata kupoteza fahamu. Aliyeacha dawa za hospitali ili ategemee mbigili peke yake yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa sukari isiyodhibitiwa huharibu macho, figo na mishipa ya miguu polepole bila maumivu.

Madhara yaliyoripotiwa

Wapo wanaosema dawa ya mitishamba haina madhara kwa sababu ni ya asili. Taarifa za madaktari zinaonyesha vingine.

Mwaka 2010 madaktari wa Iran walieleza habari za kijana aliyekuwa na afya nzuri, aliyekunywa maji ya mbigili kwa nia ya kuzuia vijiwe vya figo. Baada ya siku mbili tu alifikishwa hospitalini akiwa na degedege, na vipimo vikaonyesha kwamba ini na figo zake zimeathirika vibaya. Alitumia mmea kulinda figo, na figo ndizo zilizoumia.

Mwaka 2004 iliandikwa taarifa ya kijana mnyanyua vyuma aliyeota matiti baada ya kutumia dawa yenye mbigili. Mwaka 2016 madaktari walieleza habari za mwanamume wa miaka 36 ambaye uume wake ulibaki umesimama kwa saa 72 baada ya kutumia mbigili. Hali hiyo ni ya dharura. Isipotibiwa mapema, inaweza kuharibu kabisa uwezo ambao mtu alikuwa akiutafuta.

Hizi ni taarifa za mtu mmoja mmoja, na hazimaanishi kwamba kila anayetumia mbigili ataumia. Katika majaribio yaliyotajwa hapo juu, wengi hawakupata madhara makubwa. Lakini zinatosha kuondoa imani kwamba mmea huu hauwezi kumdhuru mtu.

Kuna hatari nyingine isiyotokana na mmea wenyewe. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imegundua mara nyingi kwamba bidhaa zinazouzwa kama mitishamba ya nguvu za kiume zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali ya tatizo hilo. Mtu anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti akinywa sildenafili bila kujua, shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla na kumuua. Kwa hivyo mitishamba ya nguvu za kiume inayofanya kazi haraka mno, ndani ya saa moja, inastahili kushukiwa badala ya kusifiwa.

Mbigili na mifugo

Wafugaji wana sababu yao ya kuusoma mmea huu. Kule Afrika Kusini, katika nyanda kame za Karoo, kondoo wamekuwa wakifa kwa ugonjwa unaoitwa geeldikkop. Ni neno la Kiafrikana lenye maana ya kichwa kinene cha manjano. Ugonjwa huu hutokea kondoo wanapokula mbigili kwa wingi, hasa mmea ulionyauka wakati wa joto kali baada ya mvua.

Dalili zake huanza kwa mnyama kutafuta kivuli na kukataa kutoka juani. Masikio, midomo na kope huvimba. Macho na ufizi huwa na rangi ya manjano. Baadaye ngozi ya uso hupasuka na kutoa maji, na mnyama hushindwa kula. Anaweza kufa.

Kwa miaka mingi chanzo kilibishaniwa. Mwaka 1991 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha jaribio ambalo waliwapa kondoo saponini zilizokamuliwa kutoka mbigili, na kondoo wale wakapata ugonjwa. Mwaka 1994 kemikali ya vijiwe vidogo vinavyopatikana katika ini la kondoo wagonjwa ilitambuliwa. Mambo hutokea hivi: mnyama anapoyeyusha saponini za mbigili tumboni, hubadilika na kuwa chembe ngumu zinazoziba njia za nyongo ndani ya ini. Nyongo ikizibwa, mwili hushindwa kutoa rangi inayotokana na majani mabichi aliyokula mnyama. Rangi hiyo huingia katika damu hadi kwenye ngozi. Jua likipiga ngozi isiyofunikwa na manyoya, kama ya uso na masikio, ngozi huungua.

Uchunguzi wa Afrika Kusini umeonyesha pia kwamba sumu ya ukungu unaoota katika nyasi huongeza ukali wa ugonjwa. Ndiyo maana mifugo inaweza kula mbigili msimu mmoja isipate shida, na msimu mwingine ikaugua.

Inafaa kukumbuka kwamba saponini hizo zinazoziba ini la kondoo ni za kundi lilelile linalosifiwa katika makopo ya dawa. Mwili wa binadamu si wa kondoo, na tumbo letu haliyeyushi majani kwa njia moja na lake. Hata hivyo, kemikali yenye uwezo wa kufanya kazi mwilini ina uwezo wa kudhuru pia, na kipimo ndicho hutofautisha.

Mfugaji afanye nini?

- Asiwaingize kondoo na mbuzi wenye njaa katika eneo lililojaa mbigili, hasa mmea unaponyauka. Wapewe malisho mengine kwanza.
- Akiona uso uliovimba au macho ya manjano, awaondoe wanyama wote katika malisho hayo, awaweke kivulini na kuwapa maji.
- Amwite afisa wa mifugo wa wadi mapema. Magonjwa mengine pia huleta manjano na uvimbe, na kila moja lina tiba yake.
- Ang'oe mbigili kabla haujazaa. Mzizi ukikatwa chini kidogo ya uso wa ardhi, mmea hufa. Matunda yaliyokomaa yakusanywe na kuchomwa, kwa kuwa mbegu zake huweza kukaa ardhini miaka kadhaa zikisubiri mvua.

Nchini Marekani, ambako mbigili uliingia kutoka ng'ambo, serikali ilileta wadudu wawili wa jamii ya fukusi kutoka Italia mwaka 1961. Mmoja hula mbegu na mwingine hula shina. Wadudu hao wamepunguza mmea katika maeneo yenye joto. Hatua kama hiyo hufanywa na taasisi za utafiti baada ya uchunguzi mrefu, si na mkulima mmoja mmoja.

Mmea mmoja, kemikali tofauti

Mwaka 2008 watafiti walilinganisha mibigili iliyochumwa nchini Bulgaria, Ugiriki, Serbia, Makedonia, Uturuki, Georgia, Iran, Vietnam na India. Waligundua kwamba mimea ya Ulaya ya kusini-mashariki na Asia ya magharibi ilikuwa na saponini zinazofanana. Mimea ya Vietnam na India ilikuwa na mpangilio tofauti kabisa wa kemikali, ingawa jina lake la kisayansi ni lilelile.

Kwa mkazi wa Kenya hilo lina uzito. Unga wa mbigili uliochumwa nyuma ya boma hauwezi kudhaniwa kuwa sawa na kidonge cha Bulgaria. Udongo, mvua, msimu, na sehemu ya mmea iliyotumiwa, iwe tunda, jani au mzizi, vyote hubadilisha kilichomo. Mmea wa hapa unahitaji kupimwa wenyewe.

Nchini Kenya zipo taasisi zenye uwezo wa kazi hiyo. Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, hutunza sampuli za mimea zilizokaushwa na kusaidia kuitambua mimea kwa uhakika. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, ina kituo maalumu cha utafiti wa dawa za jadi. Vyuo vikuu pia vina idara za kemia na famasia.

Haki ya jamii katika utafiti

Watafiti wanapokuja kijijini kuuliza kuhusu mimea, wanachokichukua kina thamani. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 11, inatambua mchango wa teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni ya mwaka 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kuandikisha maarifa ya jadi yaliyomo katika kaunti zao. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo ina sehemu inayohusu tiba za jadi na tiba mbadala.

Kwa hivyo mganga au mzee anayejua matumizi ya mmea ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kutoa maarifa yake. Mtafiti ana kibali cha serikali? Maarifa yatatumiwa kwa kazi gani? Bidhaa ikipatikana, jamii itafaidikaje? Matokeo yatarudishwa kijijini lini, na kwa lugha gani? Mtafiti wa kweli hujibu maswali hayo bila kukasirika.

Ushauri kwa wakazi

Wakazi wanaotumia mbigili, au wanaofikiria kuutumia, wanashauriwa hivi:

1. Tatizo la nguvu za kiume lisifichwe. Mara nyingine ni dalili ya kwanza ya kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Anayelitibu kwa unga wa sokoni anaweza kuchelewa kugundua ugonjwa ulio nyuma yake. Zahanati na vituo vya afya hupokea wagonjwa hawa kwa faragha.

2. Kila mgonjwa amwambie daktari au mhudumu wa afya dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Kuficha ndiko kunakoleta hatari.

3. Wenye ugonjwa wa figo au ini, wanaotumia dawa za kisukari, shinikizo la damu au moyo, pamoja na mama wajawazito na wanaonyonyesha, wasitumie mbigili bila idhini ya daktari. Watoto wasipewe.

4. Bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji, kipimo, tarehe ya kuisha na usajili isinunuliwe. Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo inayosimamia usajili wa dawa nchini, zikiwemo bidhaa za mitishamba.

5. Anayepata madhara aache kutumia mara moja na kwenda hospitalini na pakiti au mabaki ya dawa. Dalili za kutiliwa maanani ni macho ya manjano, mkojo kupungua au kuwa mweusi, kuvimba miguu, kutapika kusikokoma na degedege. Kituo cha afya kitapeleka taarifa kwa Bodi ili wengine wakingwe.

6. Anayesikia dai jipya kuhusu mmea wowote aulize: Je, umejaribiwa kwa watu au kwa panya? Watu wangapi? Walilinganishwa na nani? Kwa kipimo gani na kwa muda gani?

Maswali ya kujadiliwa

Maswali haya yanaweza kutumiwa katika mabaraza, vyama vya wafugaji, vikundi vya akina mama na vilabu vya sayansi shuleni.

- Mmea unaoitwa mbigili katika eneo hili una majina gani kwa lugha za mama, na je, majina hayo yote ni ya mmea mmoja?
- Kwa nini wachezaji wa raga wa Australia wasingeweza kujua kama mbigili umewasaidia, kama wote wangepewa mbigili?
- Kondoo wa eneo hili wamewahi kuvimba uso baada ya mvua kukatika? Walikuwa wakila nini?
- Wazee wanaojua dawa za mimea wangependa maarifa yao yaandikishwe kwa njia gani ili yasipotee, na yasichukuliwe bila faida kwa jamii?

Majibu ya maswali ya kwanza, la tatu na la nne hayamo katika kitabu chochote cha ng'ambo. Yako kwa wakazi wenyewe, na afisa wa mifugo au wa afya wa wadi ndiye wa kwanza kupelekewa.